Kujilinda ni Adabu, Si Ubabe: Funzo la Kibaha na Kisarawe

Mtu asiyeweza kukilinda kiwiliwili chake hatarajiwi kukilinda kijiji chake, na asiyekilinda kijiji chake hawezi kulilinda taifa lake. Juu ya msingi huo nchi yetu ilijenga siasa yake ya ulinzi wa umma katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Msingi huo huo hatuna budi kuurudia leo, si kwa sababu adui yuko mlangoni, bali kwa sababu tunao vijana wengi wanaokua bila ya kujua nguvu zao ni za kazi gani, na wasichana wengi wanaokua wakiamini kwamba nguvu si zao kabisa.

Safu hii leo inazitazama wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Msomaji wa visiwani asidhani kwamba tunampeleka ugenini. Mafia ni wilaya ya mkoa huo huo, na makao makuu ya mkoa yako Kibaha. Ama kwa watu wa Unguja, Kisarawe ni jirani wa siku nyingi: chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, kilichosomesha walimu wengi wa pwani hii, kilihamishiwa Minaki, katika vilima vya Kisarawe, mwaka 1925. Elimu ilivuka bahari kutoka kisiwani kwenda bara. Si ajabu basi kama funzo jingine litavuka kutoka bara kuja kisiwani.

ADUI WA NNE

Kibaha inajulikana kwa Shirika la Elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Kaskazini ya Ulaya na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Shirika hilo lilipewa kazi ya kupambana na maadui watatu tunaowafahamu sote: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa ujinga ikajengwa shule. Kwa maradhi ikajengwa hospitali ya Tumbi. Kwa umaskini wakafundishwa wakulima. Lakini yuko adui wa nne, ambaye hatajwi sana kwenye majukwaa, naye ndiye anayewafungulia mlango wale watatu. Jina lake ni woga.

Mwenye woga huijua haki yake na asiidai. Huona mali ya umma ikiibwa akanyamaza. Huonewa njiani akaona haya kusema nyumbani. Elimu ya darasani peke yake haimwondoi adui huyu, kwa maana woga haukai kichwani tu, bali hukaa katika magoti, katika pumzi na katika sauti. Ndiyo maana waasisi wetu, sambamba na kalamu na jembe, walifikiria pia gwaride.

Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963, na kundi lake la kwanza la vijana likaanzia Mgulani, Dar es Salaam. Miongoni mwa kambi zilizofuata ni ile ya Ruvu, wilayani Kibaha, ambayo hadi leo huwafunza vijana. Mwaka 1966 Serikali ilipoamua kwamba wasomi wa sekondari na vyuo nao waingie kambini kwa mujibu wa sheria, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mwezi Oktoba kuupinga uamuzi huo, nao wakarudishwa makwao. Tukio hilo lina funzo. Waliokuwa na elimu kubwa kuliko wenzao ndio walioona kwamba jasho la kambini haliwahusu. Taifa likawajibu kwamba linawahusu, na wao kwanza.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka miezi michache tu baada ya Wareno kuivamia Guinea na wiki chache baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda. Mwongozo ulitaka ulinzi uwe kazi ya umma mzima, siyo ya askari wa kambini peke yao. Toka hapo mgambo ukawa jambo la kila wilaya na kila kiwanda. Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, makumi ya maelfu ya wanamgambo waliungana na Jeshi la Wananchi, na vita vikamalizika mwaka 1979 kwa ushindi. Mkulima aliyezoea kuamka alfajiri kwa ajili ya kwata hakuhitaji kufundishwa upya maana ya amri.

KIZAZI KILICHOPITWA

Mwaka 1994 mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa, kwa ukosefu wa fedha. Yalirudishwa mwezi Machi 2013, na kambi ya Ruvu ikawa miongoni mwa zile zilizowapokea vijana wa kwanza. Katikati hapo ipo miaka kumi na tisa. Sisi ambao leo tuko katika umri wa miaka arobaini tulimaliza shule katika pengo hilo. Ndio tunaoshika ofisi sasa, ndio wazazi wa vijana walioko shuleni, na wengi wetu hatujapata hata siku moja kufundishwa namna ya kusimama, kuanguka, kupumua na kujinasua. Hatuwezi kuwarithisha watoto wetu kile ambacho sisi wenyewe hatukurithishwa.

Hata baada ya mwaka 2013, wanaoingia kambini kwa mujibu wa sheria ni wahitimu wa kidato cha sita. Kijana wa Maneromango au Mzenga aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne hana ila njia mbili: kujitolea JKT akibahatika kuchaguliwa, au kuingia mafunzo ya mgambo yanayoendeshwa wilayani. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu naye, na ndiyo tunayotaka viongozi waitazame kwa jicho jipya.

Mafunzo ya mgambo, kwa anayeyafahamu, hayana anasa. Uwanja ni ule wa mpira au wa shule. Saa ni za alfajiri, kabla ya watu kwenda shamba. Hufundishwa kwata, mbio, mapambano bila silaha, matumizi ya silaha, usalama wa raia, huduma ya kwanza na uzimaji wa moto. Huendelea kwa miezi kadhaa, na siku ya kufunga Mkuu wa Wilaya au mwakilishi wake hukagua gwaride huku wazazi wakipiga vigelegele. Wanaoanza ni wengi. Wanaomaliza hupungua, kwa sababu anayeshinda njaa hawezi kukimbia kila alfajiri, na sare na viatu ni gharama kwa mtoto wa mkulima wa muhogo.

Pamoja na shida hizo, anayemaliza hutoka akiwa mtu mwingine. Tazama anavyosimama mbele ya mkutano wa kijiji. Aliyekuwa akiongea akitazama chini sasa humtazama mwenyekiti machoni, na anasema kwa kituo. Hakuongezewa urefu wala cheo. Ameongezewa kipimo: ameupima mwili wake akajua mwisho wake uko wapi, na mtu anayejua mwisho wa nguvu zake hana haja ya kutishia watu.

MWILI NI AMANA

Tulipokuwa vyuoni, kabla hata ya kuijua shule ya Serikali, tulifundishwa kwamba mwili ni amana, na kwamba shujaa si anayewaangusha wenzake bali anayeizuia nafsi yake wakati wa hasira. Mafundisho haya mawili ndiyo yaliyomo ndani ya kila somo zuri la kujilinda, liwe la kambini au la ukumbi wa karate.

Amana hiyo tumeichezea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Mkulima wa Kisarawe huzipata shambani. Lakini mtumishi wa ofisi ya Kibaha, na mwenzake wa Mjini Unguja, huzipata wapi? Kiti na gari vimemla miguu. Zamani kila shule ilikuwa na mchakamchaka: watoto walikimbia alfajiri kwa nyimbo, wakarudi mstarini wakiwa wamechangamka. Zoezi hilo halikugharimu hata senti moja. Pale tulipoliacha, hatukuacha kwa sababu ya umaskini. Tuliacha kwa uvivu wa viongozi wa shule wasiotaka kuamka.

Ubora wa mafunzo ya kujilinda ni kwamba huunganisha mambo mawili ambayo mazoezi mengine huyatenga: afya na ujasiri. Anayekimbia peke yake hupata mapafu. Anayejifunza kujinasua mikononi mwa mwenzake hupata mapafu na pia hupata utulivu. Somo la kwanza katika judo ni kuanguka: mwanafunzi huangushwa mara nyingi hata woga wa kuanguka ukaisha. Jigoro Kano wa Ujapani, aliyeuanzisha mchezo huo mwaka 1882, aliujenga juu ya kanuni kwamba mdogo anaweza kumshinda mkubwa kwa kutumia vizuri nguvu chache alizonazo. Kanuni hiyo nchi maskini inaielewa bila ya mkalimani.

Hapa kwetu karate ilianza kupata wafuasi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alipofungua mafunzo katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam. Ni vyema kukumbuka kwamba mlango wa mchezo huo ulifunguliwa ndani ya shule, wala si katika klabu ya matajiri. Na Kibaha yenyewe ina kielelezo cha mwanamichezo aliyetoka katika Jeshi la Wananchi: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, baadaye alijenga shule katika eneo la Mkuza. Nidhamu ya mwili ikageuka kuwa madarasa.

UBABE NI UGONJWA

Hata hivyo tungekuwa wanafiki kama tungeyasifu mafunzo tukanyamaza juu ya maovu yanayofanywa kwa jina lake. Katika miji yetu mingi, neno mgambo halimkumbushi mama lishe Kagera. Linamkumbusha sufuria iliyopigwa teke na ndoo ya maandazi iliyomwagwa mchangani. Kijana aliyefunzwa kumlinda mnyonge ameonekana akimkimbiza mnyonge, akimpokonya mali yake na kumpiga mbele ya watoto wake. Jambo hili ni aibu kwa Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi, na ni aibu kwa Serikali pia.

Kosa si la mafunzo. Kosa ni la kumvisha mtu sare kabla ya kumvisha adabu, kisha kumwacha bila kazi ya kudumu, bila msimamizi na bila hesabu. Kijana wa namna hiyo hukodishwa kwa posho ya siku, na anayemkodisha ndiye humwambia adui ni nani. Upanga hauna macho. Mkono unaoushika ndio wenye macho.

Sheria iko wazi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vifungu vinavyoandamana nacho, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Maana yake ni kwamba anayepigwa kofi hana ruhusa ya kujibu kwa panga, na aliyekwisha kumwangusha mwizi hana ruhusa ya kuendelea kumpiga. Kipengele hiki kifundishwe katika kila uwanja wa mgambo, tena kifundishwe siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajafundishwa namna ya kukunja ngumi.

MTOTO WA KIKE NA WA KIUME

Yapo makundi mawili yanayohitaji mafunzo haya kuliko yote, nayo ndiyo yanayoyapata kwa nadra: wasichana na watoto wa shule. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba, Tanzania Bara, karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Zanzibar kiwango kilikuwa cha chini, wasichana sita na wavulana tisa katika kila mia. Lakini msomaji wa visiwani azingatie hesabu hiyo: huko wavulana walioathirika waliwazidi wasichana. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba mtoto wa kiume hujilinda mwenyewe, amdanganye mwingine.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Katika mitaa ya maskini ya Nairobi wasichana wa shule za sekondari walifundishwa kujilinda kwa vipindi sita vya saa mbili mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalieleza kwamba kiwango cha wasichana walioripoti kushambuliwa kingono ndani ya mwaka mmoja kilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2, na zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema waliitumia elimu hiyo kuepuka shambulio. Silaha yao ya kwanza haikuwa teke. Ilikuwa sauti: kusema hapana kwa nguvu, kupiga kelele, kukimbilia kwenye watu, kisha kutoa taarifa. Teke lilikuwa la mwisho.

Hapa tahadhari mbili ni lazima. Kwanza, kumfundisha mtoto kujilinda si kumhamishia mzigo wa hatia. Mkosaji ni mkosaji hata kama mtoto hakupiga kelele, na kazi ya polisi na mahakama haipungui kwa sababu msichana amejifunza judo. Pili, mwalimu wa mafunzo hayo naye achunguzwe. Si vyema kumkabidhi fisi bucha kwa kuwa amevaa mkanda mweusi.

VISIWA VINA MTAJI

Kwa upande wa visiwani, tusiseme kwamba mambo haya ni mageni. Watu wa Makunduchi kila Mwaka Kogwa hupigana kwa migomba hadharani, mbele ya wazee, na mchezo ukimalizika kinyongo humalizika. Kirumbizi, mchezo wa fimbo wa harusini, una ngoma na una mipaka: anayepiga kwa chuki hutolewa uwanjani. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba nguvu za vijana hazizuiliki kwa makemeo. Hupewa uwanja, saa na msimamizi.

Zanzibar ina Jeshi la Kujenga Uchumi tangu mwaka 1977. Judo ilianza kufundishwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na vijana wa visiwani wameupenda mchezo huo. Ngumi, zilizokuwa zimepigwa marufuku tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, zimeruhusiwa tena katika kipindi cha Rais Hussein Mwinyi, baada ya karibu miaka sitini. Mlango huo umefunguliwa, na sasa swali ni nani atasimama mlangoni. Kama tutawaachia wafanyabiashara wa mapambano peke yao, tutapata watazamaji wengi na wanamichezo wachache. Kama shule, shehia na vikosi vitashiriki, tutapata umma wenye afya.

LA KUFANYA

Kutokana na hayo, safu hii inatoa rai kwa viongozi wa Chama na Serikali, wa Bara na wa Visiwani.

Mosi, mchakamchaka urudi katika kila shule, na mara mbili kwa wiki ufuatiwe na nusu saa ya somo la kujilinda: kuanguka, kujinasua, kupaza sauti na kujua pa kutoa taarifa. Hapana haja ya kungoja mikeka kutoka ng'ambo. Mchanga wa pwani ni mkeka tuliopewa bure.

Pili, mafunzo ya mgambo wilayani yatengewe fungu katika bajeti za halmashauri, angalau uji wa asubuhi na huduma ya mganga, ili umaskini usiwe ndio unaochuja nani amalize. Wanawake watafutwe wawe wakufunzi, maana msichana wa Kisarawe atathubutu kwa urahisi zaidi akimwona dada yake mbele ya safu.

Tatu, kila aliyehitimu aandikishwe na afuatiliwe. Kibaha ina viwanda vingi na sasa ina bandari kavu ya Kwala, na vyote vinahitaji walinzi. Mhitimu wa wilaya hiyo na jirani zake apewe nafasi ya kwanza. Na yule anayeitumia sare yake kumwonea raia avuliwe sare hiyo mbele ya wale wale waliompigia vigelegele.

Nne, sisi viongozi tuanze. Mkuu wa idara anayepanda ngazi moja akahema hana uso wa kuwahimiza vijana kukimbia. Uwanja wa wilaya uko karibu na ofisi, na alfajiri haina foleni.

Ndugu msomaji, tulipopata uhuru tulisema hatutaonewa tena. Kauli ile haikuwa ya wakati mmoja. Kila kizazi kinazaliwa na woga wake, na kila kizazi hakina budi kufundishwa upya namna ya kusimama wima bila ya kumkanyaga mwenzake. Samaki mkunje angali mbichi. Watoto walioko darasani leo Kibaha, Kisarawe, Mafia, Unguja na Pemba bado ni wabichi. Tukingoja miaka mingine kumi na tisa, watakuwa wamekauka wakiwa wameinama.